Kilo ya Dorkasi na Kilo ya Time

Kristina, umeniletea maswali umeyaandika kwenye karatasi utadhani unakwenda kumwona mwanasheria. Haya, kaa. Baba yako Tadeo amekwambia shangazi yako aliwahi kufanya kazi supamaketi, na ni kweli, nilifanya miezi mitatu kasoro siku moja, mwaka themanini na nane. Nitakujibu yote. Ila nakuonya mapema: ile kazi siwezi kukueleza bila kumtaja Time binti Shaib, na nikimtaja Time moyo unanichemka. Miaka kumi sasa, na bado unanichemka.

Swali lako la kwanza, wanamchukua mtu wa namna gani. Sisi tulichukuliwa wawili. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na cheti cha kidato cha nne. Time alikuwa na kumi na tisa na darasa la saba. Wao ni watu wa Pemba. Baba yake, Mzee Shaib, alihamia hapa Mabawa na watoto sita na magunia mawili ya mchele, na mchele ulipokwisha wakawa wanakula walichopata. Nyumba yao ni ile ya pili baada ya kisima. Walikuwa wateja wa duka letu, kile kibanda cha bibi yako palepale barazani. Time mwenyewe alikuwa mwembamba, kanzu inamning'inia mabegani, anaongea polepole utafikiri maneno anayalipia ushuru. Sasa niambie, mtu kama huyo nimwogope?

Supamaketi yenyewe ilikuwa mjini, ng'ambo ya reli. Mwenye duka ni Mariambai, mama wa Kihindi mzaliwa wa Pangani, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Miaka ya shida alikuwa na duka la kawaida, yeye nyuma ya kaunta na nyuma yake rafu tupu, kibiriti na chumvi basi. Ilipokuja ruksa ya kuleta bidhaa za nje, mali ikaanza kuteremka kutoka mpakani Horohoro: sabuni, mafuta ya kupikia, biskuti, dawa ya meno. Mariambai akaing'oa kaunta, akapanga rafu katikati ya duka, akasema mtu aingie achukue mwenyewe, alipe mlangoni wakati wa kutoka.

Weee! Watu wa Tanga walikuwa hawajaona. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ilikuwa kusimama mlangoni kuwaingiza watu. Mtu anasimama kizingitini anauliza, "Sukari ipo?" Unamwambia ingia uchukue. Anakucheka. "Nichukue mwenyewe, halafu mniitie polisi?" Kuna mzee mmoja alisimama na kikapu chake karibu na nusu saa. Nikamwuliza, "Shikamoo, babu, unasubiri nini?" Akaniitikia marahaba, akasema anasubiri foleni ianze. Tulizoea hivyo, Kristina. Wewe hukuwahi kuweka jiwe kwenye foleni likusimamie wakati umekwenda kumnyonyesha mtoto. Sisi tuliweka.

Unauliza kama miguu inauma. Inauma. Unasimama tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja, na Mariambai hapendi kuona mtu ameegemea rafu. Vaa viatu vya chini. Chakula mlikuwa mnapishana, mmoja anakwenda nyuma ghalani kula wakati mwenziwe yuko dukani. Msalani ruhusa, lakini usikae. Unaona nakujibu vizuri? Andika.

Sasa kiti. Pale mlangoni palikuwa na mashine ya kulipia na kiti chake, kiti kirefu chenye mgongo, kimewambwa kitambaa chekundu. Alikuwa anakikalia Mariambai mwenyewe. Siku ya kwanza alituambia mbele ya wote wawili: "Mmoja wenu, baada ya miezi mitatu, nitamwandika kazi ya kudumu, atakaa hapa awe keshia. Mwingine nitamshukuru aende. Duka halibebi wawili." Basi. Tangu siku ile nilikuwa nikilala naona kitambaa chekundu. Wakati ule Tadeo, baba yako, kiwanda kilikuwa kimempunguza, wewe una miaka minane na ada hujalipiwa. Mkeka mzima wa ukoo umekalia mshahara wangu. Nikasema kile kiti ni changu, na yule wa Pemba atafute ustaarabu wake kwingine.

Na nilikuwa na haki ya kusema hivyo, maana kwenye kazi kubwa ya lile duka nilimwacha mbali. Kazi kubwa haikuwa mlangoni, ilikuwa ghalani. Sukari, mchele na maharage vilikuja kwa magunia, na supamaketi mtu hapimiwi, anakuta kilo yake imeshafungwa. Kwa hiyo tulikuwa tunafunga. Unachota, unamimina kwenye mfuko wa nailoni juu ya mizani ya mshale, unanyanyua, unakunja mdomo wa mfuko juu ya kipande cha msumeno, unaupitisha kwenye mshumaa, unashikana. Nailoni ikiyeyuka sawasawa inakuwa na mstari mmoja, safi. Mimi nilikuwa hodari wa mshumaa. Time akiujaribu anatoboa mfuko. Mwishowe akawa anafunga fundo tu, fundo la kienyeji, mdomo wa mfuko umesimama juu. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Na kasi je? Kwa saa moja mimi mifuko arobaini, yeye ishirini na mitano. Kupima nilijifunza nikiwa na miaka kumi na miwili, kwenye duka letu, watu wamejaa barazani wanagombania sukari. Bibi yako alikuwa akinisimamia: "Mwaga kutoka juu, wahi, nyanyua, mwingine!" Mikono yangu ilikuwa inajua. Mariambai akipita ghalani anasema, "Dorkasi, wewe mashine." Nami nakwenda kasi zaidi. Mgema akisifiwa, si unajua. Na Time? Yeye anamimina, anaweka kikombe chini, anakunja mikono, anautazama mshale. Unatikisika, unatikisika, yeye anautazama. Anaongeza punje, anapunguza punje. Nilikuwa nasikia hamu ya kumpiga kofi.

Tatizo lilianzia kwenye rafu. Mwezi wa pili nilianza kuona kwamba asubuhi tunapanga mifuko yangu na ya Time pamoja, jioni iliyobaki yote ni yangu. Siku ya kwanza nikasema bahati. Siku ya pili nikasimama karibu nikijifanya napanga vibiriti. Akaja mama mmoja, akashika mfuko wangu mkono wa kulia, mfuko wa Time mkono wa kushoto, akaitikisa kidogo kama anayepima embe. Akaurudisha wangu. Akaja mwingine hivyohivyo. Akaja wa tatu, huyo wala hakupima, alikuwa ameshaambiwa, akapekua mpaka nyuma ya rafu akitafuta fundo.

Kristina, umewahi kuona wivu? Mimi sikuuona, niliusikia, hapa chini ya kifua, mfano wa kiungulia. Mstari wangu safi, mkono wangu wa kasi, cheti changu, na Tanga nzima inataka fundo la mtu aliyeshindwa mshumaa! Chakula hakipiti. Nikimwona anakunywa maji, namwonea wivu kwa vile yanavyomshuka.

Nikaamua, kama ni fundo, hata mimi nina vidole. Wiki nzima nikafunga mafundo. Nikayafunga mazuri kuliko yake. Watu wakaja, wakanyanyua, wakatikisa, wakarudisha. Tena mmoja aliguna kabisa, "Hili siyo." Siyo nini, jamani? Nikarudi kwenye mshumaa wangu nikiwa na hasira za kuchoma duka zima.

Hapo ndipo akili yangu ilipopata jibu, na nililipenda jibu lile. Nikasema, Time anazidisha. Anawatilia watu nyongeza kwa mali ya Mariambai ili wampende. Upole wote ule, kumbe anajipendekeza kwa sukari ya mwenziwe! Nikawa sina shaka, nilichotaka ni ushahidi. Na ushahidi nikaupata ghalani. Tuligawana magunia mawili ya sukari, kila moja kilo mia, yeye lake na mimi langu. Tulipomaliza, lake lilitoa mifuko tisini na tisa. Langu lilitoa mia na sita. Nikahesabu mara mbili. Mia na sita! Nikajiambia, unaona? Kilo saba binti huyu amezigawa bure kwa gunia moja tu.

Usinitazame hivyo. Najua. Sasa hivi najua. Lakini siku ile, na kidato cha nne changu, haikunijia hata kidogo. Wivu ukikupanda kichwani hesabu inashuka kwa mlango wa nyuma.

Ilikuwa imebaki siku moja miezi mitatu itimie. Nilifika mapema, nikamkuta Mariambai anafuta mashine yake. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mama, mimi si msengenyaji, lakini roho inaniuma mali yako inavyopotea."

"Inapotelea wapi?"

"Kwa Time. Anazidisha vipimo. Ndiyo maana watu wanang'ang'ania mifuko yake. Jana gunia lake limetoa mifuko tisini na tisa tu. La kwangu limetoa mia na sita."

Mariambai akaacha kufuta. "Ngapi?"

"Mia na sita, mama."

"Gunia la kilo mia, Dorkasi, limekupa mifuko mia na sita ya kilo mojamoja?"

"Ndiyo, mama!" nikasema. Tena nilisema kwa sauti, nikijua sasa kiti ni changu. Alinitazama sana. Mimi nikafikiri ananihurumia kwa uaminifu wangu.

Time alipofika tuliitwa ghalani sote. Mariambai alikuwa amebeba mifuko kumi kutoka kwenye rafu, mitano ya mstari na mitano ya fundo. Akaweka wa Time kwanza. Akakaa, akasubiri mshale ulale. Kilo moja. Wa pili, kilo moja na unywele. Wa tatu, kilo. Yote mitano. Mimi natafuta ile nyongeza kwa macho yangu, siioni. Akaweka wangu. Mshale ukapanda, ukayumba, ukarudi, ukalala chini ya kilo. Gramu mia tisa na arobaini. Wa pili mia tisa na hamsini. Wa tatu mia tisa na thelathini na kitu.

"Panya," nikasema. "Mama, lazima kuna panya."

"Panya anayefunga kwa mshumaa?" Mariambai aliuliza.

Ndipo Time akafungua mdomo, yule asiyesema. "Mama, labda hii mizani siku mojamoja inakosea. Mie pia huwa naiona inayumba." Alikuwa ananitetea! Nilijisikia kama nimevuliwa nguo sokoni. Hata huruma akanitangulia nayo.

Mariambai akanipa kikombe. "Haya, mizani tuipime. Nipimie kilo moja, kama unavyopima kila siku."

Nikasema sasa ndiyo nafasi. Nikatega mfuko, nikachota, nikamwaga kutoka juu, shuu, mshale ukaruka ukapita kilo, nikawahi kunyanyua. Kabla sijakunja mdomo wa mfuko Mariambai akanishika mkono. Akaurudisha mfuko kwenye mizani, akauachia. Mshale ukarudi, ukarudi, ukalala mia tisa na arobaini. Sukari ile ilikuwa imeanguka kwa kishindo, ikausukuma mshale juu, na mimi nikauamini mshale ukiwa bado hewani. Miezi mitatu. Siyo miezi mitatu, miaka minane, tangu nina kumi na miwili! Haki ya Mungu, Kristina, sikujua. Nilidhani ni kasi.

"Nani alikufundisha kupima?" Mariambai akauliza taratibu.

Na mimi, kwa kutaka kujiokoa, kwa kutaka ajue kwamba sikutoka mtaani tu, nikamjibu, "Mama yangu. Ana duka."

Akakichukua kikombe mkononi mwangu, akakiweka chini. Time akatazama chini. Hapo ndipo nilipoelewa nimemfanya nini bibi yako, mbele ya Mhindi na mbele ya mtoto wa jirani. Mariambai alinilipa siku zangu zote mpaka ile iliyobaki, akanisindikiza mpaka mlangoni na kuniambia niende salama. Hakunitukana. Nilipopita kwenye kile kiti chekundu sikukitazama.

Nilikwenda kwa miguu mpaka Mabawa. Bibi yako alikuwa barazani anachambua maharage. Nikamwambia sina kazi, nikamweleza yote, na sukari na mshale. Hakuinua uso. Nikamwuliza, "Mama, ulijua?" Akaendelea kuchambua. Nikaingia ndani nikalala kifudifudi.

Saa kumi na mbili kasoro Time akabisha hodi. Ameshaandikwa kazi, alipita kuniletea kitambaa changu cha kichwa nilichokisahau ghalani. Mtu mwingine angemtuma mdogo wake. Yeye kaja mwenyewe, kasimama mlangoni, kitambaa kimekunjwa vizuri mikononi mwake. Nikamrukia kwa maneno.

"Umekuja kunisimanga?"

"Nimekuja kukupa chako."

"Ulijua! Miezi mitatu tumepima meza moja, ulikuwa unaona mkono wangu."

"Niliuona," akasema. "Nilikuwa naujua kabla ya hapo, Dorkasi. Mtaa mzima unaujua. Nilipokuwa mdogo mama akinituma kwenu aliniambia, kama anapima Mama Tadeo nunua, kama anapima binti yake ngoja."

Kristina, mwanangu, nilishika mwimo wa mlango. Yaani hata bibi yako alikuwa na afadhali! Niliyemfikiria mwalimu, mwanafunzi alikuwa amempita, na Mabawa nzima ilikuwa ikisubiri barazani kwa upole nitoke kwenye mizani ndipo wanunue, na mimi miaka yote nikidhani wanapiga soga.

"Basi mbona hukumwambia Mariambai?" nikamwuliza. "Ungekipata kile kiti tangu mwezi wa kwanza."

Time akafikiri, vilevile anavyoutazama mshale. "Nilikitaka sana," akasema. "Nyumbani hatuna mwingine wa kuleta kitu. Lakini nilitaka nikipate kwa kupima." Akanipa kitambaa, akamwambia bibi yako, "Mama, jioni njema," akaenda zake, kanzu inamning'inia.

Nilitaka aondoke anacheka. Laiti angecheka! Ningemchukia vizuri, ningepona. Leo anasimamia maghala mawili ya Mariambai, amemjengea Mzee Shaib nyumba ya bati, na bado akinikuta njiani ananiamkia kwanza. Kwa hiyo ukiniuliza, kama ulivyoandika hapo mwisho, ni jambo gani gumu kuliko yote katika kazi ile, siyo miguu. Ni mwenzako.

Bibi yako alikuwa amesikia kila neno. Alisubiri mpaka Time akapita kisima, ndipo akasema, bado anachambua maharage yake, "Mtoto wa watu ana adabu. Ila wewe acha kulia. Mwaka ule wa njaa wale walikuwa wakilala na uji wa chumvi, watoto sita. Nyinyi mlishiba. Ulidhani mlikuwa mnashiba nini, kama si zile punje za mizani?"

Nikageuka nikautazama mgongo wake Time unavyoishia kwenye ule mlango wa pili, mwembamba vile. Na Mungu anisamehe, Kristina, nilimwonea wivu hata ile njaa.